Mlowezi na Wakweze: Kumtafuta Babu wa Karne ya 19 katika Tabora ya Misafara

Nasaba za familia nyingi kongwe za Tabora na Ujiji hupanda kwa wanaume. Mtoto hufundishwa jina la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka afike kwa mtu wa kwanza aliyepanda bara na bidhaa zake. Kuanzia hapo orodha huvuka bahari na kuendelea Oman au Surat. Orodha hiyo ni hazina, na wazee walioihifadhi wanastahili shukrani. Hata hivyo, haitwambii mtu yule aliishije. Mgeni aliyefika Unyanyembe katikati ya karne ya 19 hakuwa na ardhi wala kisima, na bunduki zake chache zisingemlinda siku mbili bila ridhaa ya mtemi. Alichokipata, alikipata kwa kuingia katika nyumba za wenyeji. Kwa hiyo anayemtafuta mlowezi wa Tabora na aanzie kwa wakweze, Maskati atakwenda baadaye.

Yuko mlowezi mmoja ambaye maisha yake yanalionyesha jambo hili waziwazi. Ni Muhammad bin Juma el Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyefanya makazi yake Ituru, karibu na Tabora. Yeye mwenyewe hakuacha kitabu. Tunamjua kupitia mwanawe, Hamed bin Muhammad, aliyevuma kwa jina la Tippu Tip, ambaye uzeeni aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, na mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley alizitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni habari za safari, pembe na vita. Baba anapita humo kwa mistari michache, lakini mistari hiyo inatufungulia mlango wa nyumba yake.

Njia na mji wake

Njia yenyewe ilikuwa na wenyewe kabla ya walowezi wa pwani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wakiteremka pwani na pembe zao wenyewe, na misafara ya Waarabu na Waswahili ilipoanza kupanda bara kwa wingi ilifuata nyayo hizo na kuajiri mabega hayohayo. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Msafara ulipita Mpwapwa, ukavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ukalipa hongo kwa watemi wa Ugogo ili upate kupita na kunywa maji, kisha ukapenya pori la Mgunda Mkali. Mbele ya pori hilo ndipo ilipokuwa Unyanyembe, nchi yenye nafaka, ng'ombe na watu wazoefu wa kazi ya upagazi. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32. Wakati wa kupanda alichukua vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba; wakati wa kuteremka, pembe za ndovu.

Hapo njia iligawanyika. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Ufipa na Urua. Mfanyabiashara aliyetaka kungoja wapagazi, kungoja masika yapite au kungoja deni lake lilipwe, alingojea hapo. Kungoja huko ndiko kulikozaa mji. Mnamo 1852 Snay bin Amir el Harthi, aliyeanza maisha kwa kutengeneza halua Maskati, na Musa Mzuri, Mhindi wa Surat, walihamia Kazeh, wakajenga nyumba na kuchimba visima. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, Snay ndiye aliyewapokea na kuwaeleza habari za nchi na maziwa yaliyo mbele. Kazeh, Kwihara, Ituru na vijiji jirani ndivyo vilivyokuja kuwa Tabora tunayoijua.

Mume wa Karunde

Yote hayo yalifanyika katika nchi ya mtemi Fundikira. Muhammad bin Juma alimwoa binti wa Fundikira, aliyeitwa Karunde. Tippu Tip analisema jambo hilo wakati anapoeleza heshima ya baba yake Unyanyembe, na anaposimulia inaonekana wazi kwamba heshima na ndoa vilikwenda pamoja. Muhammad bin Juma alikuwa kama mtemi miongoni mwa Waarabu wa Tabora, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba alikuwa mkwe wa mtemi mwenyewe.

Uzito wa ndoa hiyo unaeleweka zaidi tukiitazama kwa macho ya Wanyamwezi. Zamani, katika utemi mwingi wa Unyamwezi, kiti kilirithiwa na mtoto wa dada. Wanawake wa nyumba ya kitemi walikuwa mzizi wa utawala, na mtu aliyeoa huko aliingia katika mambo ya nchi, apende asipende. Karunde alimletea mumewe ulinzi, watu, habari za barazani na sauti mbele ya baba yake. Mali ya merikani ingeweza kuporwa usiku mmoja; ukwe ulikuwa mgumu zaidi kuupora.

Kijana Hamed alikua akiuona utajiri wa namna hiyo. Alipokuwa na umri wa miaka 18 hivi, alifuatana na baba yake hadi Unyanyembe na kuendelea ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baba alitaka mali iwe chini ya mtu mzima mwingine, lakini kijana alikataa kwenda na mali ya baba yake huku akiongozwa na mwingine, na mwishowe akakabidhiwa mwenyewe. Baba alirudi Tabora. Mwana akaendelea mbele, na maisha yake yote akaenda mbali kuliko baba.

Ukwe haukuwa ngao ya milele. Fundikira alifariki mwaka 1858. Mrithi wake, Mnywa Sele, alitoza ushuru bidhaa za Waarabu, nao wakamwondoa kwa silaha na kumweka Mkasiwa. Vita vilidumu mpaka Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865. Snay bin Amir, aliyechimba visima vya Kazeh, alikufa katika vita hivyo. Mwaka 1871 ilikuja zamu ya mtemi Mirambo wa Urambo, aliyewashinda Waarabu wa Tabora na kuteketeza sehemu ya makazi yao. Mjukuu anayeambiwa kwamba babu yake "aliishi Tabora kwa amani" anapaswa kuuliza ni mwaka gani, na babu alisimama na nani. Katika miaka ile, kila mlowezi alikuwa na mtemi wake.

Nasaba kama silaha

Tippu Tip aliuchukua ujuzi huu hadi Kongo. Katika miaka ya 1870, alipofika kwa mzee mtawala Kasongo Rushie, alidai kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa dada wa mtawala huyo, aliyetekwa zamani katika vita vya Waluba. Kasongo Rushie alimpokea kama mtoto wa nyumbani na kumwachia utawala. Wanahistoria wengi wanaliona dai hilo kuwa la kubuni. Kwa mtafutaji wa nasaba, hapa pana fundisho lenye pande mbili: ukoo wa upande wa mama ulikuwa na nguvu ya kumpa mgeni nchi nzima, na kwa sababu hiyo watu waliutunga pale ulipowafaa. Simulizi ya familia ipokewe kwa heshima, kisha ipimwe kwa simulizi ya upande wa pili.

Ulowezi nao haukuja kutoka pwani peke yake. Katikati ya karne hiyohiyo Ngelengwa, mwana wa mfanyabiashara wa shaba Kalasa, alitoka nchi za Unyamwezi akaelekea Katanga. Alijijengea himaya ya Garanganze yenye makao makuu Bunkeya na kujulikana kwa jina la Msiri, mpaka alipopigwa risasi na ofisa wa msafara wa Wazungu tarehe 20 Desemba 1891. Yeye pia alifunga miji na watawala kwake kwa ndoa. Wazao wa watu wake, Wayeke, wako Bunkeya hadi leo, na wanaotaka kujua chimbuko lao wanapaswa kutazama huku kwetu.

Waliofutwa katika orodha

Lipo jambo ambalo makala kama hii haiwezi kulipita. Mji ule uliishi kwa pembe na kwa watumwa. Watu waliokamatwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kwingineko walipitishwa Tabora, na wengi walibaki hapo wakilima mashamba, wakipika, wakibeba na kulea. Katika sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye bwana amezaa na suria wake ni huru na hubeba nasaba ya baba yake. Sheria hiyo iliwapa watoto hadhi, lakini iliacha pengo katika kumbukumbu: jina la mama lilidondoka, na pamoja nalo nchi yake, lugha yake na ndugu zake. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922. Tangu hapo familia nyingi zimeishi na ukimya, wengine wakificha kwamba bibi alinunuliwa, wengine wakificha kwamba babu alinunua. Wote wawili ni wazee wetu, na bibi yule ndiye aliyedhulumiwa. Anastahili kutajwa kwanza.

Pa kuanzia

Vyanzo vipo, ila havitoshelezi kimoja kimoja. Kitabu cha Tippu Tip kinataja watu wengi wa njiani. Safari ya Sleman bin Mwenye Chande, iliyochapishwa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901, inaonyesha njia hiyohiyo kwa macho ya Mswahili wa pwani. Burton, Speke na msafiri mwingine, Stanley, waliandika majina ya wenye tembe (nyumba za udongo), mali zao na ugomvi wao, ingawa wake wa nyumba hizo waliwaona kwa nadra na watumwa waliwahesabu kama mizigo. Wamisionari wa White Fathers walioingia Unyanyembe miaka ya 1880 waliweka shajara. Nyaraka za Zanzibar zina hati za mali na madeni.

Baadaye nenda kwa wazee, wa pande zote mbili. Waulize nani alitoa ardhi ya kwanza, mahari ilipelekwa kwa nani, mnataniana na ukoo gani, na mjomba yupi huitwa kwenye matanga. Majibu ya maswali hayo humfikia mlowezi haraka kuliko orodha ya majina ya kiume. Jina la Fundikira lenyewe ni ushahidi: mtemi wa Unyanyembe aliyekuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika huru mwaka 1961 aliitwa Abdallah Said Fundikira, na katika majina hayo matatu nyumba ya kitemi na Uislamu ulioletwa na misafara vimekaa pamoja.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya utumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huko Kwihara, tembe aliyokaa msafiri Livingstone mwaka 1872 imekuwa makumbusho. Mgeni anayefika hapo aelezwe pia habari za Karunde binti Fundikira, na za wanawake waliochota maji ya tembe zile bila malipo. Nasi majumbani tunaweza kuanza leo, bila kungoja serikali. Unapoiandika nasaba ya babu yako, acha nafasi kando ya kila mwanamume, uandike mkewe, au suria wake, na kwao ni wapi. Jina likikosekana, andika nchi aliyotoka. Hapo ndipo utakapokuwa umeanza kuandika maisha ya mlowezi, pamoja na watu waliomwezesha kulowea.