Betri zinazotapika, na mtu wa Parma

Hapa Cleveland baridi imeshaingia, sisi tupo tu. Wengi mmeniuliza kwenye simu kwa nini tochi zinaharibika hata zikiwa zimewekwa kabatini bila kutumika. Ngoja niwape historia kidogo, maana jibu limo humo.

Yale mawe makubwa ya redio tuliyokuwa tukiyaanika juani ni uzao wa Carl Gassner, Mjerumani aliyepata hataza ya betri kavu mwaka 1886. Kopo lake ni la zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoliwa ili umeme utoke. Yaani sahani yenyewe ndiyo chakula! Kopo likishatoboka, uji wa ndani unamwagika.

Aliyegeuza mambo alifanya kazi Parma, kitongoji cha hapa hapa Cleveland. Ni Lewis Urry, Mkanada, ambaye kampuni ya Eveready ilimleta mwaka 1955 aongeze uhai wa betri za zamani. Yeye akaona ni kupoteza muda, akaunda nyingine yenye unga wa zinki na maji ya alkali. Ili bosi wake aamini, alipeleka vigari viwili vya kuchezea kantini. Chenye betri ya zamani kilisogea kidogo tu kikazima. Cha pili kilikwenda na kurudi mpaka watazamaji wakachoka. Betri hizo ziliingia sokoni mwaka 1959.

Lakini nazo zinavuja! Ndani ya alkali, zinki hutoa haidrojeni polepole hata tochi ikiwa imezimwa. Gesi ikizidi, kizibo kinaachia na potasi kali inatoka. Zamani walitia zebaki kuizuia gesi hiyo, hadi Marekani ilipoikataza kwa sheria ya mwaka 1996. Wapo wanaoililia zebaki. Mimi naona bora tochi iharibike kuliko kisima.

Sasa, kwa tochi ya kuweka akiba, mimi nanunua AA za lithiamu, zile za volti 1.5 zisizochajiwa. Hazina maji ndani, kwa hiyo hazitoi gesi kama zile, na watengenezaji wanasema hukaa hadi miaka 20. Ni ghali, sikatai. Hazitengenezwi kwa saizi ya mawe makubwa, ila kuna vikopo vya plastiki vya kuivalisha AA ipate unene. Asiyezipata atoe betri zake, azifunge pembeni ya tochi kwa mpira. Hiyo ni bure, na inashinda betri yoyote ya bei mbaya. Na msichanganye mpya na kuukuu: dhaifu huisha kwanza, nyingine zinaendelea kuisukuma, inajaa gesi na kutapika.

Shangazi, shikamoo. Najua tochi yako ndiyo unayotembea nayo usiku ukiitwa kuzalisha, kwa hiyo usiichokoe kwa kisu. Avae glavu mmoja wa vijana, afumbate macho mbali nayo, apake siki au ndimu kwenye ule unga mweupe, asubiri, afute, akaushe vizuri. Kama springi imeliwa, fundi redio atakuwekea nyingine. Binamu anakuja Desemba na betri nane, nne ni zako.