Kanuni za intaneti nyumbani: ya kwanza, mtoto aweze kusema



Mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani, mwanangu wa kiume wa miaka 12 alianza kuumwa na tumbo kila asubuhi ya shule. Mamake alimpa dawa ya minyoo. Mimi nilisema ni uvivu. Siku ya tisa alikwenda kulala kwa shangazi yake Majengo, na usiku ule ule dadangu akanipigia simu: "Kaka, njoo umsikilize mtoto. Lakini uje na subira."

Kumbe mwanangu alikuwa akicheza mchezo wa kupigana kwenye simu ya nyanyake, ule ambao wachezaji huzungumza na kuandikiana ujumbe. Humo alipata "rafiki" aliyejitia mtoto wa Malindi wa rika lake. Rafiki huyo alimpa zawadi za mchezo, kisha akamwomba picha. Mwanangu akamtumia moja, amesimama kwenye baraza ya nyumba yetu, amevaa sare ya shule. Siku ya pili akaombwa picha nyingine, ya aibu. Alhamdulillahi, hiyo hakuituma. Hapo yule mtu akabadilika: shule yako naijua, nyumba yenu nimeiona, usiponitumia nitakuja.

Nilimuuliza mwanangu mbona hakuniambia siku zote hizo. Akainamisha kichwa. "Baba, ulisema ukiona upuuzi kwenye simu utaivunja."

Ni kweli nilisema. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yangu pekee ya intaneti, na ilimsaidia yule mtu kuliko ilivyomsaidia mwanangu. Mtu kama huyo anahitaji kitu kimoja tu kutoka kwa mtoto, nacho ni kimya. Kimya hicho nilikuwa nimemwandalia mimi.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nina diploma ya uhasibu na watoto watatu. Haya ninayoandika ni yale tuliyojifunza nyumbani baada ya siku zile, pamoja na mambo ya simu na ya sheria ambayo kila mzazi anafaa kuyajua.

Kaeni kitako kwanza

Kanuni nzuri hazitangazwi mlangoni mzazi akiwa na hasira. Sisi tulikaa mkekani Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana: mimi, mke wangu, watoto na nyanya yao. Nyanya alikuwa lazima awepo, kwa sababu simu iliyotumika ilikuwa yake. Nyumba nyingi za kwetu Pwani mtoto hana simu yake mwenyewe. Hutumia ya nyanya, ya dada mkubwa, ya binamu aliyekuja kutembea, au huenda kwa jirani mwenye waifai. Ukiweka kanuni kwenye simu moja na kuziacha hizo nyingine, umefunga mlango wa mbele na wa uani uko wazi.

Tuliwauliza watoto wenyewe nini kinawaogopesha mtandaoni. Nilidhani watanyamaza. Walisema mengi, mengine sikuwahi kuyasikia. Kisha tukaandika kanuni saba, kwa mwandiko wa mwanangu, tukazibandika kwenye friji.

Kanuni saba za nyumba yetu

Ya kwanza: ukiogopeshwa, ukiaibishwa au ukikosea mtandaoni, sema. Ukisema mwenyewe hupigwi, wala hunyang'anywi simu kwa sababu ya kusema.

Ya pili: simu hailali chumbani na mtoto. Saa tatu usiku simu zote ziko sebuleni kwenye chaja. Mchana pia zinatumiwa mahali watu wanapita, si nyuma ya mlango uliofungwa.

Ya tatu: usitume picha yenye sare ya shule, nyumba, nambari ya gari wala mahali ulipo. Picha ya mwili hatumiwi mtu yeyote, hata akiwa rafiki.

Ya nne: mtu tusiyemjua ana kwa ana ni mgeni, hata mkicheza naye mwezi mzima. Mgeni haambiwi jina kamili, shule, mtaa wala chuo unachosomea Kurani. Na wala huendi kuonana naye.

Ya tano: programu mpya haiwekwi bila kutuambia. WhatsApp, TikTok, Facebook na Instagram zenyewe zinasema mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi. Mtoto wa darasa la nne mwenye akaunti amedanganya umri, na mara nyingi aliyemsaidia kudanganya ni sisi.

Ya sita: hakuna kununua kitu cha mchezo wala kugusa M-Pesa. Namba ya siri ya mzazi haijulikani na mtoto.

Ya saba ni ya wazazi: wakati wa kula hatushiki simu, na hatuweki picha ya mtoto kwenye stetasi bila kumuuliza. Hii waliidai watoto. Nilijaribu kubisha, sikuwa na hoja.

Fundisheni kanuni hizi watoto wa kiume na wa kike sawasawa. Sisi tuna tabia ya kumlinda msichana na kumwachilia mvulana, tukidhani mvulana haharibikiwi. Yaliyomfika mwanangu ndiyo jibu.

Umri nao una hesabu yake. Mtoto chini ya miaka 7 asishike simu peke yake, bali aangalie na mtu mzima aliye karibu. Wa miaka 8 hadi 12 atumie simu ya nyumba, kwa saa zinazojulikana. Kuanzia 13 unaanza kumlegezea kidogo kidogo kadiri anavyoonyesha uaminifu, kwa sababu lengo ni ajichunge mwenyewe siku ambayo wewe hupo.

Kufunga milango kwenye simu yenyewe

Kuna kazi ambazo simu inaweza kukufanyia bila malipo.

Kwa simu za Android kuna programu ya Google iitwayo Family Link. Unaiweka kwenye simu yako, kisha unamfungulia mtoto akaunti iliyo chini yako. Humo unaweka idadi ya saa kwa siku, unaweka saa ya simu kujifunga usiku, na mtoto akitaka kupakua programu ombi linakuja kwako kwanza. Kwenye iPhone kazi hiyo inafanywa na Screen Time, iliyomo ndani ya mipangilio ya simu.

TikTok ina Family Pairing, inayounganisha akaunti ya mzazi na ya kijana. Kwenye TikTok aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuandikiana ujumbe wa faragha. Ndiyo maana umri wa kweli una faida: mtoto akijiandikisha kuwa ana miaka 20, ulinzi wote huo unaondoka.

Kwenye WhatsApp, ingia sehemu ya faragha. Chagua kwamba watu walio kwenye orodha ya mawasiliano tu ndio wanaoweza kumwingiza mtoto kwenye makundi na kuona picha yake. Hapo hapo unaweza kunyamazisha simu za watu wasiojulikana.

Kuna njia moja zaidi ambayo wazazi wengi hawaijui. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu inayoitwa Private DNS kwenye mipangilio ya mtandao. Ukiandika humo family.cloudflare-dns.com, simu inakataa kufungua tovuti nyingi za uchafu na zile za virusi, ukitumia bando au waifai. Hulipi chochote.

Hata hivyo, usilale ukategemea mitambo. Kizuizi cha simu hakiendi na mtoto kwa jirani, na watoto wakubwa wanajua njia za kukizunguka. Kizuizi kinapunguza, hakimalizi. Kinachobaki ni yale mazungumzo yenu.

Kanuni zisiwe karatasi tu

Kuandika ni rahisi. Wiki ya tatu ndiyo ngumu.

La kwanza tulilojifunza ni kwamba adhabu iwe ndogo, ijulikane mapema, na itekelezwe kila mara. Kwetu, aliyepitisha saa tatu usiku na simu hana simu kesho yake. Basi. Hakuna matusi, hakuna kufungiwa mwezi. Ukimwahidi mtoto adhabu kubwa, utaihurumia na kuiacha, naye atajua kwamba maneno yako ni upepo.

La pili, tofautisha kosa lililofichwa na kosa lililosemwa. Mtoto akikujia mwenyewe na kusema "nimefungua kitu kibaya", mshukuru kwanza. Ukimwadhibu hapo, hiyo ndiyo mara ya mwisho kuambiwa jambo.

La tatu, usipeleleze kwa siri. Sisi tunakagua simu mara moja kwa wiki, Jumamosi, tumekaa pamoja, mtoto mwenyewe akionyesha. Anajua tutaangalia na anajua tutaangalia nini. Mtoto akikugundua unamnyatia, naye atajifunza kunyata.

La nne ni gumu zaidi: ushike kanuni yako. Jioni moja nilikuwa nikijibu ujumbe huku nakula wali. Bintiye mdogo wa nyumba hii, wa miaka 8, akaniambia mbele ya wageni, "Baba, kanuni ya saba." Wageni wakacheka. Niliiweka simu sebuleni na kesho yake sikuishika hadi jioni. Tangu siku hiyo sijapata taabu kubwa ya kuwakumbusha wao.

Mambo yakiharibika

Mtu akimtishia mtoto wako, au akimwomba picha za aibu, fanya hivi.

Usifute chochote. Piga picha za skrini za ujumbe wote, uandike jina la akaunti, nambari ya simu, tarehe na saa. Baada ya hapo ndipo umzuie na kumripoti ndani ya programu yenyewe.

Usimlipe, na mtoto asimtumie picha nyingine kwa kudhani ndiyo itamaliza. Anayelipwa mara moja hurudi.

Piga 116, simu ya kusaidia watoto nchini Kenya. Ni bure, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kisha uende kituo cha polisi uandikishe ripoti na upewe nambari ya OB, na umwone afisa wa watoto wa eneo lako. Idara ya upelelezi, DCI, ina kitengo kinachoshughulikia makosa dhidi ya watoto, yakiwemo ya mtandaoni.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inamweka anayetengeneza au kusambaza picha chafu za watoto kwenye hatari ya kifungo cha hadi miaka 25, faini ya hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Kwa hivyo hadhari: picha ya aibu ya mtoto isisambazwe kwenye kundi la mtaa hata kwa nia ya kuonya. Unamwaibisha mtoto mara ya pili, na wewe mwenyewe unaingia kwenye kosa.

Na nitasema hili ingawa wengine watakasirika. Mara nyingine anayemsumbua mtoto si mgeni. Ni jamaa, ni jirani, ni mtu wa heshima. Hapo wazee hukaa barazani, wakanywa kahawa, wakasema tusitiriane. Kusitiri ni jambo jema, lakini anayestahili sitara hapa ni mtoto. Maslaha ya aina hii humwacha mkosaji mtaani na kumfunza mtoto kwamba kusema hakukuwa na faida. Mambo haya yana mahali pake, napo ni kituo cha polisi na mahakama.

Sisi tuliripoti. Akaunti ya yule mtu ilitoweka na hadi leo hatujui ni nani. Mwanangu alichukua miezi kadhaa kabla ya kukubali kupigwa picha tena, hata ya Idi.

Lakini miezi miwili iliyopita alinijia nikiwa natoka kuswali Alasiri, simu mkononi. Mtu asiyemjua alikuwa amemwandikia, akimsifu na kumuuliza anasoma wapi. "Baba, tazama huyu." Tukakaa kwenye baraza, tukapiga picha za skrini, tukamzuia, tukamripoti. Kazi ya dakika tano. Kisha akaenda kucheza mpira.

Mtoto ni amana. Weka saa, weka vizuizi, weka adhabu. Lakini kabla ya hayo yote, leo jioni muulize mwanao swali moja: likikufika jambo kwenye simu, utaniambia? Kisha umsikilize jibu lake, hata likikuuma.

Allah atuhifadhie watoto wetu.