Ufunguo wa Pili: Nani Mwingine Anaweza Kufungua Faili Zako?

Wasee, leo tuongelee ufunguo ambao wengi wetu tunao na hata hatujui. Ukisimba faili kwenye kompyuta, yaani uzifunge zisisomeke na yeyote asiye na ufunguo, mara nyingi kuna ufunguo wa pili umekaa mahali. Na watu wamepigania huo ufunguo miaka mingi.

Twende Marekani, Aprili 1993. Serikali ya Clinton inatangaza chipu inaitwa Clipper. Kazi yake ni kusimba mazungumzo ya simu. Poa. Lakini kila chipu ina ufunguo wake, na nakala yake inakatwa vipande viwili vinavyowekwa na taasisi mbili za serikali hiyo hiyo. Polisi wakipata kibali, wanaunganisha vipande na kusikiliza. Watu walikataa kabisa. Mwaka uliofuata Matt Blaze, mtafiti wa AT&T, akaonyesha kwamba ile sehemu ya kuwasaidia polisi inaweza kuzungukwa, kwa sababu ililindwa na namba ya biti 16 pekee, ndogo kiasi cha kompyuta kuibahatisha. Kufikia 1996 Clipper ilikuwa imekufa.

Kwa hivyo wapenda faragha wakajifunza kuchukia ufunguo wa pili, na siwalaumu. Lakini ofisi ni stori nyingine. Mhasibu akifunga hesabu za kampuni halafu aache kazi, ama afariki, nani atazifungua?

Hapo ndipo Windows 2000 ilipokuja na kitu kinaitwa EFS. Hii sehemu isome polepole. Kila faili inapata ufunguo wake. Ufunguo huo unafungwa kwa ufunguo wa mwenye faili, halafu nakala nyingine inafungwa kwa ufunguo wa mtu anayeitwa wakala wa urejeshaji. Huyo wakala haitaji paswadi yako. Ana mlango wake.

Sasa cheki walichofanya. Bila wakala, EFS ya Windows 2000 ilikataa kufanya kazi. Kwa hivyo Microsoft ikamchagulia kila mtu: kwenye mtandao wa ofisi, wakala alikuwa admini wa mtandao, kwenye kompyuta iliyo peke yake, akaunti ya Administrator ya mashine hiyo hiyo, na ufunguo wake ukikaa kwenye diski hiyo hiyo. Manze! Mwizi wa laptopu alihitaji tu kuiwasha kwa diski nyingine, abadilishe paswadi ya Administrator, aingie, asome kila kitu. Faili zimefungwa kweli, lakini ufunguo wa akiba uko ndani ya begi lililoibiwa.

Windows XP, 2001, ikageuza mambo. Wakala hakuwa lazima tena, na kompyuta ya nyumbani haikupewa yeyote. Paswadi ikibadilishwa kwa nguvu kutoka nje, faili zinabaki zimefungwa. Mwizi akakwama. Lakini pia mwenye mashine aliyeweka Windows upya bila kuhifadhi ufunguo alikwama. Unaona majina ya faili, picha zako ziko pale, na hazifunguki. Milele.

Watu hubishana ni toleo gani lilikuwa baya zaidi. Mimi naona ni kosa moja: kampuni iliamua, mwenye faili hakuulizwa.

Kuifanya vizuri si ngumu. Admini anaandika cipher /r na anapata faili mbili. Ile ya .cer ni cheti, inaingia kwenye sera ya kompyuta. Ile ya .pfx ndiyo ufunguo wenyewe, na inafaa kutoka kwenye mashine kabisa, ikae kwenye flashi iliyofungiwa mahali. Halafu kuna mtego: wakala mpya hawezi kufungua faili zilizosimbwa kabla hajateuliwa, hadi mwenyewe azisasishe kwa cipher /u. Kumteua baada ya mhasibu kwenda ni kazi bure.

Siku hizi wengi tuko na BitLocker, na ufunguo wake wa pili ni namba yenye tarakimu 48. Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5, na nyingi ziliomba namba hizo kabla ya kutengenezwa. Kuna kampuni zilizokuwa zimeziweka kwenye seva ambazo nazo zilikuwa chini.

Na wewe uliyenunua laptopu ya mtumba Luthuli? Kama muuzaji aliiwasha kwanza na akaunti yake ya Microsoft, kuna uwezekano namba hiyo iko kwake. Ifute, iweke upya kwa akaunti yako, halafu ingia kwenye akaunti uitafute hiyo namba. Iandike kwa karatasi. Na karatasi isikae kwa begi la laptopu, tafadhali.