Picha za magofu za Italia (karne ya 18)

Picha za magofu ni aina ya michoro ya mandhari iliyostawi nchini Italia katika karne ya 18. Huonyesha majengo yaliyobomoka, hasa ya Roma ya Kale, yakiwa yamezungukwa na miti, mifugo na wachungaji. Ziko za namna mbili: veduta, yaani picha ya mahali halisi, na capriccio, ambamo mchoraji alikusanya majengo apendavyo. Anayetaka kuzitumia kama ushahidi wa historia ni lazima kwanza azitofautishe.

Historia

Katika karne ya 17 Mfaransa Claude Lorrain, aliyeishi Roma, alikuwa ameshachora mandhari yenye magofu. Soko lilikua karne iliyofuata, vijana wa familia tajiri, hasa wa Uingereza, walipozuru Italia ili kukamilisha elimu yao na kutaka kumbukumbu ya kurudi nayo. Uchimbaji ulioanza Herculaneum mwaka 1738 na Pompeii mwaka 1748 uliongeza hamu hiyo.

Wachoraji

Marco Ricci (1676–1730), mzaliwa wa Belluno, alichora mandhari nyingi ndogo juu ya ngozi ya mbuzi. Giovanni Paolo Panini (1691–1765) alikuwa bingwa wa capriccio mjini Roma: aliweza kuweka Safu ya Trajano karibu na Piramidi ya Cestius, ingawa kati yake kuna takriban kilomita 2. Kila jengo alilichora kwa uangalifu; kilichobuniwa ni ujirani wao.

Giovanni Battista Piranesi (1720–1778), msanifu majengo, alichonga picha zake kwenye mabamba ya shaba kwa asidi, kisha akazipiga chapa. Kwa kuwa nakala zilikuwa nyingi, zilifika mbali kuliko turubai lolote. Mfululizo wake Vedute di Roma, alioanza miaka ya 1740, ulifikia mabamba 135. Watu ndani yake ni wadogo mno, hivyo kuta huonekana kubwa kuliko zilivyo.

Mimea na mifugo

Mtazamaji wa leo hudhani kwamba ng'ombe wanaolisha katikati ya nguzo ni pambo tu. La hasha. Uwanja Mkuu wa Roma ya Kale (Forum Romanum) uliitwa wakati huo Campo Vaccino, yaani uwanja wa ng'ombe, na mifugo iliuzwa hapo. Udongo ulikuwa umepanda kiasi kwamba tao la Septimius Severus lilifukiwa hadi karibu nusu yake, kama Piranesi anavyolionyesha.

Vichaka vilivyo juu ya kuta navyo si uzushi. Mwaka 1855 daktari Mwingereza Richard Deakin aliorodhesha aina 420 za mimea iliyoota katika Koloseo. Karibu yote iling'olewa mwaka 1871 ili kuhifadhi mawe, na tangu hapo sura ile ya jengo imebaki katika picha tu.