Ua Letu Lina Jina la Mjerumani

Mwezi uliopita nilikuwa Biashara Street napiga video ya leso. Mwajua kontenti yangu: nasimama mlangoni mwa duka, nasoma majina ya leso kwa sauti, watu wacheka. (Ndiyo, chuo nilikuwa nasomea biashara, nikaacha mwaka wa pili, na sasa niko Biashara Street kila siku. Mshacheka? Tuendelee.) Mama mmoja muuzaji akanishika mkono. "Mwanangu, wasoma jina, pembeni husomi." Akanionyesha maandishi madogo kwenye ukingo wa leso: K.H.E. Mali ya Abdulla. Duka lenyewe limekuwepo tangu 1887. Leso yaweza kwenda Lamu, Unguja, Maskati, na bado jina la mwenyewe liko pale pembeni.

Ile leso ilikuwa na vimaua vya zambarau. Nikaipiga picha, nikamtumia dada yangu aliye Ujerumani. Huko kazi yake ni kutunza wazee. Akajibu hapo hapo: "Hilo ua si liko kila dirisha huku!" Akanitumia picha ya chungu kidogo, majani manene yenye manyoya laini, maua ya zambarau yenye jicho la manjano katikati. Akasema bibi anayemtunza huliita Usambaraveilchen.

Usambara? Usambara hii ya Tanga, tunayopita na basi tukienda Dar?

Hiyo hiyo bana. Usiku ule sikulala, nikasoma mpaka alfajiri.

Mambo yalikuwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani washaitwaa Tanganyika, na Tanga kuna ofisa wao, Walter von Saint Paul-Illaire. Anakiona hiki kimmea, anakituma kwa babake Ujerumani. Babake anampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen kule Hannover. Mwaka 1893 Wendland anakiandika kitabuni kwa jina jipya: Saintpaulia ionantha. Saintpaulia ni heshima kwa baba na mwana. Wale watu wa milimani waliokuwa wakipita kando ya mawe yale toka enzi na enzi, hawamo. Kampuni ya mbegu ya Benary, mjini Erfurt, ikaanza kuuza. Huo ndio mwanzo.

Lakini usidhani ua la kwenye chungu cha yule bibi ndilo lile la msituni. La msituni ni dogo, limetulia, rangi yake ni samawati au zambarau basi. Kazi kubwa ilikuja 1926, Los Angeles. Bustani ya Armacost & Royston iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche karibu 1,000. Wakachagua ile yenye nguvu, inayotoa maua mengi, isiyokufa ovyo. Wakachuja, wakachuja, wakabaki na 10 tu. Maua mengi sana unayoyaona leo kwenye madirisha ya watu yana damu ya hayo 10.

Sasa sikiliza majina waliyoyapa: Blue Boy, Sailor Boy, Admiral, Commodore, Neptune, Mermaid, Viking, Norseman... Mabaharia, mungu wa bahari, nguva! Ua la mawe ya milimani limepewa majina ya meli. Hakuna hata moja lililoitwa Tanga. Nilicheka peke yangu chumbani, halafu nikakasirika.

Ila niseme ukweli, ile kazi yenyewe naiheshimu. Kuzalisha ua chotara si mchezo. Unachagua mama na baba. Unapasua kile kifuko cha manjano cha ua la baba, unatoa vumbi lake, unampaka mama kwenye kijiti chake. Halafu unangoja miezi, hata nusu mwaka na zaidi, mpaka tunda likauke. Mbegu ni kama vumbi, ukipiga chafya zimekwenda. Unaotesha mamia, unatupa karibu zote, unabakisha mche mmoja wenye nguvu. Na ukishampata huyo mmoja umetajirika, kwa sababu mmea huu una siri yake: unakata jani moja, unalichomeka kwenye udongo, na litakuzalia mmea uleule. Jani linaingia mfukoni, linavuka mpaka wowote. Kufikia 1946 Wamarekani walikuwa washaunda chama cha wapenzi wa ua hili.

Kwa hivyo jasho la waliochagua ni lao. Ila nguvu wanayoitafuta kila siku wanaitoa wapi? Ua linaloning'inia kama pazia kwenye chungu, kwa mfano, limetokana na ndugu zake wa porini wanaotambaa. Hao wa porini wako Tanzania na Kenya, basi. Dunia nzima hakuna kwengine.

Kenya? Hapo ndipo niliposimama. Kumbe wapo Taita, na wapo Kaloleni. Kaloleni hii hii ya matatu, unapitia Mazeras.

Nikaenda. Sitasimulia safari yote. Rafiki yangu wa huko alinipeleka kwa babu yake, nikaamkia, nikaeleza shida yangu, nikaambiwa nikae kwanza ninywe chai. Halafu babu mwenyewe akatutangulia na fimbo. Kulikuwa na mawe ya chokaa makubwa kuliko nyumba, miti michache imeyafunika, na pande zote shamba la mahindi limekaribia. Kwenye ufa wenye kivuli, vilikuwa vimejishika. Majani ya manyoya. Ua moja tu limefunguka, samawati mpauko. Dogo wallahi, ukubwa wa kifungo cha shati.

Babu akasema zamani miti ilifika mpaka barabarani. Miti ikikatwa, jua linapiga jiwe, na vimmea hivi havistahimili jua. Aina hii ya Kaloleni wataalamu washaiweka kwenye orodha ya zilizo hatarini kabisa kutoweka. Dirishani kwa yule bibi vyungu havihesabiki, huku kwao nimehesabu mawe mawili.

Mkataba wa dunia wa mwaka 1992 unasema nchi ina haki juu ya mimea yake na igawiwe faida. Vizuri. Lakini mkataba haurudi nyuma kudai cha 1893. Na babu, ambaye hajaikata ile miti ya mwisho wakati kuni zina bei, hakuna anayemlipa hata shilingi. Akiikata kesho, nitamlaumu vipi?

Nina video nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nimemuuliza babu kama niiposti, akafikiri, akasema: "Jiwe waonyeshe. Njia usiwaonyeshe." Jani moja linaingia mfukoni, mnakumbuka.

Basi leo usiku naiweka. Mahali nimefuta, na ile sehemu ya barabara nimeikata. Pembeni ya video, chini kushoto, kwa maandishi madogo kama ya leso, nimeandika jina la babu kama alivyotaka mwenyewe liandikwe. Msiniulize njia kwenye komenti.