Somo la Sita: Kuku wa Batavia na Moto Ulio Ndani ya Seli

Juma lililopita tulieleza jinsi seli ilivyojengwa: ngozi yake nyembamba, kiini chake, na vile vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni ili mwili upate nguvu. Yawezekana ulijiuliza: mtu anayejifunza kulisha wagonjwa na watoto ana haja gani ya kujua habari za kitu kisichoonekana kwa macho? Swali hilo ni la haki. Leo nitalijibu kwa kueleza namna watu walivyoutafuta ugonjwa wa beriberi kwa muda wa miaka hamsini, na mahali walipoukuta.

Beriberi huanza miguuni. Mgonjwa huona ganzi, kisha hushindwa kunyanyua wayo, akatembea kwa kukokota. Wengine huvimba maji, moyo ukatanuka, na mtu aliyeongea nawe mchana aweza kufa usiku. Katika karne ya 19 ugonjwa huu uliwaua watu wengi sana katika nchi za Mashariki ya Asia, hasa askari, mabaharia na wafungwa. Ajabu yake ni kwamba watu hao hawakuwa na njaa. Kila siku walipewa wali, wakashiba.

Mwaka wa 1886 serikali ya Uholanzi iliwapeleka madaktari Java, ambayo wakati ule ilikuwa koloni lake na leo ni sehemu ya Indonesia. Pamoja nao alikuwamo daktari kijana wa jeshi, jina lake Christiaan Eijkman. Siku zile akili za waganga zote zilikuwa juu ya vijidudu. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu Robert Koch wa Ujerumani alipokionyesha kijidudu cha kifua kikuu, na Eijkman mwenyewe alikuwa amesoma kwake. Basi walikwenda kutafuta kijidudu. Wakubwa wake waliporudi kwao, Eijkman alibaki kuwa mkuu wa maabara ndogo katika hospitali ya jeshi mjini Batavia, ndio Jakarta ya leo.

Ikawa ugonjwa ukaingia katika banda la kuku wa maabara. Walipepesuka, miguu ikalegea, wakaanguka ubavu. Eijkman akajaribu kuwaambukiza kuku wazima. Wakaugua kweli, lakini wale aliowatenga nao wakaugua vilevile. Kisha, kabla hajajua la kufanya, ugonjwa ukaondoka wenyewe.

Alipouliza vizuri aliambiwa hivi. Tangu mwezi wa Juni mtumishi wa maabara, ili kupunguza gharama, alikuwa akiwapa kuku makombo ya wali mweupe kutoka jikoni mwa hospitali. Mwezi wa Novemba akaja mpishi mpya, naye akakataa: wali wa jeshi haupewi kuku wa raia! Kuku wakarudishiwa chakula chao cha zamani, wakapona. Hivyo ukaidi wa mpishi mmoja ulifanya kazi iliyokuwa imewashinda wenye darubini.

Wewe unayejua kinu na mchi utaelewa upesi tofauti ya mchele na mchele. Mpunga ukitwangwa kwa mkono na kupetwa, makapi huondoka, lakini ile ngozi nyembamba inayoshikamana na punje hubaki kwa sehemu. Mashine huiparuza yote pamoja na kiini cha mbegu, na mchele hutoka mweupe unaong'aa. Hiyo ngozi ndiyo pumba tunayowapa mifugo. Eijkman aliwapa kuku wagonjwa pumba, wakasimama.

Lakini kuku si mtu. Ndipo Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya huko Java, alipofanya uchunguzi ambao kwangu mimi ni bora kuliko yote katika habari hii. Alitazama magereza 101, akaandika wafungwa wa kila gereza walikula mchele wa namna gani. Katika magereza 51 yaliyotumia mchele mweupe, 36 yalikuwa na beriberi. Katika 37 yaliyotumia mchele wenye ngozi, ni gereza moja tu. Yale 13 yaliyochanganya yalikuwa katikati: 6 yalikuwa na ugonjwa. Fikiri habari ya wafungwa hao. Hakuna aliyekusudia kuwaua. Waliuawa na chakula kilichoonekana kisafi zaidi.

Hata hivyo Eijkman aliona ya kwamba wanga wa mchele una sumu, na ngozi ina dawa ya kuitangua. Kwa mtu aliyelelewa katika elimu ya vijidudu ilikuwa vigumu kuamini kwamba ugonjwa waweza kuletwa na kitu kisichokuwapo. Aliyesema hivyo waziwazi ni Gerrit Grijns, aliyeshika kazi baada yake, mwaka wa 1901. Jina la vitamini lilitungwa na Casimir Funk mwaka wa 1912, na mwaka wa 1926, katika maabara ileile ya Batavia, Jansen na Donath walipata kwa pumba nyingi sana chembe chache safi za kitu chenyewe. Leo twakiita thiamini, au vitamini B1.

Sasa walijua kinachokosekana. Lakini kinakosekana wapi, na kwa kazi gani? Hapa ndipo tunaporudi kwenye seli.

Katika mji wa Oxford, Uingereza, Rudolph Peters na wenzake waliwalisha njiwa mchele mweupe hata shingo zao zikapinda nyuma. Wakachukua ubongo wa njiwa, wakauweka katika chupa, wakapima oksijeni unayotumia. Ubongo wa njiwa mgonjwa ulitumia kidogo kuliko wa njiwa mzima, na ndani yake kitu kiitwacho piruvati kilirundikana. Wakatia thiamini kidogo mno katika chupa: ubongo ukaanza tena kuvuta oksijeni. Angalia jambo hilo, msomaji. Katika chupa ile hapakuwa na tumbo, wala damu, wala njiwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ndani ya seli.

Maelezo yake ni haya. Wali huwa glukosi, na glukosi moja, yenye kaboni sita, hukatwa kuwa piruvati mbili zenye kaboni tatu tatu. Piruvati huingia katika mitokondria, na mlangoni hukutana na kimeng'enya kinachoing'oa kaboni moja na kuitoa kama hewa tunayoipumua nje. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila thiamini iliyobadilishwa kidogo; Wajerumani Lohmann na Schuster walilithibitisha umbo lake mwaka wa 1937. Isipokuwapo, piruvati hukwama, sehemu yake ikageuka asidi, na moto hufifia. Neva na moyo ndivyo huumia kwanza, maana havipumziki.

Mtu mzima huhitaji thiamini miligramu moja na kitu kwa siku, na akiba ya mwili haizidi miligramu 30 hivi, nayo huisha kwa majuma machache. Tena kadiri unavyokula wanga mwingi ndivyo unavyoitumia zaidi. Kwa sababu hiyo hospitalini mtu aliyedhoofu kwa njaa ndefu, au kwa ulevi wa siku nyingi, hupewa thiamini kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo. Akipewa sukari peke yake, ile kidogo iliyosalia huweza kuisha, na ubongo ukadhurika siku ileile tuliyodhani tunamsaidia.

Kabla ya somo lijalo, chukua konzi ya sembe na konzi ya dona, uziweke kwenye sahani mbili karibu na dirisha. Tazama rangi, sugua kwa vidole, kisha andika kilichoondolewa na mashine. Tutaanzia hapo.