Usukani unaotetemeka: historia ya onyo linalopita mikononi

Shofere wa lori anayeshuka Kabasha, huko Lubero, au Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, hupata habari nyingi za gari lake kupitia mikono. Pine ikipungua upepo, usukani unavuta upande mmoja. Kiungo cha usukani kikichoka, kile ambacho mafundi wa kwetu wanaita rotuli, mikono inasikia mchezo hata kabla ya sikio kusikia mlio. Nyuma yake kuna magunia, na juu ya magunia kuna watu: wafanyabiashara, wanafunzi, familia zilizokimbia vita na magodoro yao. Uhai wao wote unategemea kama shofere ataelewa kile usukani unamwambia.

Leo hii kuna magari ambayo usukani wake umetengenezwa makusudi ili utetemeke na kumwonya shofere. Wengi wanafikiri hiyo ni akili mpya kabisa. Lakini ukifuata historia yake, utaona kwamba wahandisi waliondoa mtetemo wa zamani mikononi mwa shofere, kisha ikawalazimu kuurudisha kwa njia nyingine.

Magari ya kwanza kabisa hayakuwa na usukani wa duara. Mengi yaliongozwa kwa fimbo, kama vile mtu anavyoongoza mtumbwi wenye usukani wa nyuma. Mwaka 1894, katika mashindano ya Paris hadi Rouen huko Ufaransa, Alfred Vacheron alikuja na gari la Panhard lililofungwa usukani wa duara, na watengenezaji wengine wakafuata. Usukani huo uliungana na magurudumu kwa vyuma vitupu. Kila jiwe na kila shimo vilipanda hadi kwenye vidole. Shofere alichoka mabega, lakini alijua barabara ilivyo.

Magari yalipozidi kuwa mazito, uchovu huo ukawa shida kubwa. Mhandisi Mmarekani Francis Davis alitengeneza usukani unaosaidiwa na nguvu ya mafuta yenye presha, na mwaka 1926 akaonyesha kwamba unafanya kazi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mfumo wa namna hiyo ulifungwa kwenye magari mazito ya jeshi. Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler iliuweka kwenye gari la kuuzia raia, aina ya Imperial. Mwaka 1988 kampuni ya Suzuki ya Japani ikaleta gari dogo, Cervo, lenye usukani unaosaidiwa na mota ya umeme.

Usukani ukawa mwepesi, mtu akaweza kuugeuza kwa kidole. Pamoja na mpira unaowekwa kwenye viungo ili kumeza mishtuko, mikono ikapumzika. Lakini kila hatua ya starehe ilipunguza habari. Shofere aliyesinzia kwenye barabara nzuri, ndani ya gari lisilotikisika, hakuwa tena na kitu cha kumwamsha.

Marubani wa ndege walikuwa wamekutana na shida hiyo mapema. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi huku imeinua pua, mabawa yake yanapoteza nguvu ya kuibeba na inaanza kuanguka. Katika ndege nyingi za zamani, rubani alisikia mtikisiko kwenye fimbo ya kuongozea kabla hatari haijafika. Ndege zilipokuwa kubwa na kuongozwa kwa nguvu ya mafuta, mtikisiko huo haukufika tena mikononi vizuri. Ndipo kikabuniwa kifaa cha kuitikisa fimbo: mota ndogo yenye uzito uliofungwa upande mmoja, ambayo ikizunguka inatetemesha fimbo yote. Mmarekani Leonard Greene, aliyeanzisha kampuni ya Safe Flight mwaka 1946, ni mmoja wa waliojulikana sana kwa vifaa vya kuonya marubani juu ya hatari hiyo.

Kwa upande wa magari, mtetemo wa makusudi ulianzia barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko New Jersey, Marekani, kando ya barabara kuu iitwayo Garden State Parkway iliwekwa saruji yenye mikunjo. Gari likitoka kwenye njia yake, magurudumu yanapita juu ya mikunjo hiyo, yananguruma, na usukani unatikisika. Shofere anashtuka na kurudi barabarani.

Baadaye akili hiyo ikahamia ndani ya gari lenyewe. Mwaka 2000, lori la Mercedes Actros lilipata kamera inayoangalia mistari ya barabara. Lori likianza kuhama bila shofere kuwasha taa ya kupinda, spika ya upande ule ilitoa mngurumo unaofanana na ule wa mikunjo ya kando ya barabara. Mwaka 2004 kampuni ya Citroën ya Ufaransa ilileta gari la C4, lenye vifaa vya miale chini ya bampa ya mbele vinavyosoma mistari, na kiti kinachotetemeka upande ambao gari linaelekea. Mwaka 2007 zamu ikafika kwa usukani: BMW na Audi, zote za Ujerumani, zilianza kuuza magari ambayo usukani wake unatetemeka gari likikaribia kuvuka mstari.

Kwa nini mikono? Macho ya shofere yana kazi ya kuangalia mbele. Masikio yake yana injini, redio na mazungumzo ya abiria. Taa nyekundu inaweza kuwaka bila yeye kuiona, na kengele inaweza kumchanganya asijue inatoka wapi. Lakini usukani uko mikononi tayari, na mtetemo wake unamkumbusha kitu kile kile anachotakiwa kurekebisha. Tena abiria hawatishwi, na hata shofere asiyesikia kwa masikio anaupata ujumbe.

Kazi ngumu ya wahandisi ilikuwa kupima mtetemo wenyewe. Ukiwa dogo sana, shofere atafikiri ni mawe ya barabara. Ukiwa mkubwa sana, ataogopa na kukata kona ghafla. Ukitokea mara nyingi bila sababu, atauzima na kuusahau. Ndiyo maana katika magari mengi mfumo huo unangoja mwendo wa karibu kilomita 60 au 70 kwa saa, na unanyamaza shofere akiwasha taa ya kupinda.

Umoja wa Ulaya uliona faida yake, na tangu Novemba 2015 malori na mabasi mapya mazito kule yanatakiwa kuwa na kifaa cha kuonya gari likitoka kwenye mstari.

Kwetu, magari yaliyotumika Japani na Ulaya yanaingia kila siku, mengine yakiwa na kamera hizo. Lakini kamera inatafuta mistari iliyopakwa rangi. Kwenye udongo mwekundu, kwenye matope, au kwenye lami iliyofutika, haioni kitu, na usukani hautasema neno. Shofere anayenunua gari la namna hiyo asilale akitegemea kwamba litamwamsha.

Kwa hiyo, kwenye barabara zetu, mtetemo wa zamani bado ndio mwalimu. Usukani ukianza kutetemeka gari likifika karibu kilomita 80 kwa saa, mara nyingi magurudumu hayajasawazishwa. Ukitetemeka wakati wa kukanyaga freni, sahani za freni zinataka kuangaliwa. Ukianza mara tu baada ya kugonga shimo, simama uangalie pine na rimu. Ukiwa na mchezo mkubwa kushoto na kulia, usishuke mlima wowote kabla fundi hajaona rotuli.

Abiria naye ana sauti. Mama aliyekaa mbele na mtoto mapajani, akiona mikono ya shofere inatetemeka pamoja na usukani, ana haki ya kusema: baba, tusimame kwanza tuangalie. Dakika kumi kando ya barabara hazijawahi kumzuia mtu kufika.